Hita katika nchi ya joto: historia fupi ya tanki la matumbawe, ikiandikwa kutoka Zhongda

Msikilizaji mmoja ametutumia ujumbe wa sauti baada ya kipindi kilichopita. Anakaa na wazazi wake hapa Guangzhou, wilaya ya Haizhu, dakika chache kwa mguu kutoka soko la vitambaa la Zhongda. Amenunua tanki la lita 200 na anataka kufuga matumbawe, yale ya bahari ya kwetu na ya Indonesia. Pampu anayo, taa anazo, chumvi ya bahari anayo. Kilichobaki ni hita ya maji, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Baba yake anasema hita ni pesa ya kutupa: "Sisi tuko nchi ya joto, mwanangu. Hita ni mambo ya Wazungu."

Ningeweza kumjibu kwa neno moja: nunua. Lakini maneno ya huyo mzee si ya kupuuza hivi hivi. Nusu yake ni kweli kabisa, na ile nusu nyingine ndiyo inayoua matumbawe kwenye vyumba vya watu kila Januari. Ili kuzitenganisha hizo nusu mbili inabidi turudi nyuma karibu miaka mia na themanini, tupite London, Jakarta na Berlin, halafu turudi hapa hapa barabara ya Xingang Xi.

Kwanza, tumbawe ni nini

Wengi wetu tuliozaliwa huku tumeliona tumbawe kwenye picha tu, au kwenye kuta za nyumba za zamani za Lamu na Zanzibar zilizojengwa kwa mawe yake. Ndiyo maana ni rahisi kudhani ni jiwe. Tumbawe ni mnyama, tena ni wanyama wengi wadogo wanaoishi pamoja na kujijengea mifupa ya chokaa. Ndani ya miili yao mna mwani mdogo mno, hauonekani kwa macho, unaotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula. Mnyama anampa mwani nyumba, mwani unamlipa chakula na rangi.

Ndoa hiyo inategemea joto la maji. Matumbawe mengi yanayojenga miamba hustawi kwenye maji ya nyuzi 23 hadi 29 hivi. Maji yakizidi kiwango chao cha juu cha kawaida kwa nyuzi 1 tu, yakakaa hivyo kwa wiki kadhaa, mnyama anaufukuza mwani wake na kubaki mweupe. Tunasema amepauka. Baridi kali nayo inaweza kumpausha na kumuua vilevile.

Sasa angalia bahari ya kwetu. Wakati wa kusi, Julai na Agosti, maji ya Mombasa na Zanzibar huwa karibu nyuzi 25. Kaskazi ikimalizika, mwezi Machi na Aprili, yanafika 29 au 30. Yaani tofauti ya nyuzi 4 au 5, na inachukua miezi kadhaa kutimia. Hiyo ndiyo hali ya hewa anayoijua tumbawe wa kwetu. Kinachomfaa ni maji ya joto ambayo hayabadiliki ghafla. Ukishika hilo, historia yote inayofuata inaeleweka.

London, 1846: tanki lisilohitaji moto

Mmoja wa watu wa kwanza kufuga matumbawe nyumbani kwa muda mrefu alikuwa mama mmoja wa Uingereza, Anna Thynne. Mwaka 1846 alichukua matumbawe kutoka pwani ya Torquay akaenda nayo London. Maji ya bahari yalikuwa machache na hakukuwa na pampu, kwa hiyo maji yalimiminwa kutoka chombo kimoja hadi kingine, kwenda na kurudi, ili yaingie hewa. Kazi ya mikono kweli kweli. Lakini matumbawe yale yaliishi.

Hita hakuwa nayo, na hakuihitaji. Matumbawe ya Torquay ni ya maji baridi, yamezaliwa kwenye baridi ya Kiingereza. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua jumba la samaki la umma, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake kuhusu tanki la bahari. Uingereza nzima ikashikwa na homa ya kufuga viumbe vya baharini, karibu wote wa pwani zao wenyewe.

Shida ilikuja pale watu wa nchi za baridi walipoanza kutamani samaki wa nchi za joto. Hapo ndipo moto ulipoingia. Matanki ya zamani ya samaki wa tropiki yalikuwa na sakafu ya jiwe au bati, na chini yake iliwekwa taa ya mafuta au mwali wa gesi. Baadaye umeme ukachukua nafasi, na hita ya kioo yenye kifaa cha kujizima ikazaliwa. Kwa hiyo mzee wa Haizhu ana haki yake: hita ilianzia kwa watu wa baridi waliotaka kuweka kipande cha bahari ya joto sebuleni. Vitabu vya kufuga samaki viliandikwa na hao hao, na kila kitabu kilisema hita ni lazima.

Jakarta, 1961: tanki la jirani wa Zanzibar

Halafu akatokea mtu aliyegeuza meza. Lee Chin Eng alikuwa mfugaji wa samaki wa Jakarta, Indonesia. Mwaka 1961 alieleza kwenye jarida moja la Marekani la wafugaji wa samaki jinsi anavyofuga samaki wa baharini pamoja na matumbawe bila mitambo mingi. Alitumia maji ya bahari, mwanga wa jua, mapovu ya hewa, na mawe yaliyotolewa kwenye mwamba yakiwa bado na viumbe wake, yale ambayo wafugaji leo wanayaita mawe hai. Viumbe wa ndani ya mawe ndio waliosafisha maji.

Wafugaji wa Ulaya na Marekani walishangaa, kwa sababu kwao matumbawe yalikuwa yanakufa baada ya wiki chache. Wengi waliojaribu njia yake walishindwa. Sababu zilikuwa nyingi: maji yao, taa zao dhaifu, mawe yaliyofika yakiwa yameshaoza njiani. Lakini moja inatuhusu sisi hapa. Jakarta iko nyuzi 6 kusini ya Ikweta, usawa wa bahari, na mwezi wa baridi na mwezi wa joto huko vinakaribiana sana. Hewa ya chumba ilikuwa inafanya kazi ya hita bure, mchana na usiku, mwaka mzima.

Fungua ramani uweke kidole Jakarta, halafu kipeleke moja kwa moja magharibi, uvuke bahari nzima. Utafika Zanzibar, nayo iko nyuzi 6 kusini. Kwa hiyo mtu wa Unguja, Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anaposema "hapa hita ya nini?", anasema ukweli ule ule wa Lee Chin Eng.

Miaka ya 1970 na 1980 wafugaji wa Berlin walichukua yale mawe hai ya Jakarta wakayaongezea vitu vya kwao: taa kali sana, mashine ya kuchuja uchafu kwa mapovu, na hita. Njia hiyo hadi leo inaitwa njia ya Berlin, na tanki nyingi za matumbawe duniani ni watoto au wajukuu wake. Hapo sasa tukawa na urithi wa aina mbili. Mmoja wa nchi ya baridi unaosema hita ni lazima, mwingine wa nchi ya joto unaosema hita haina kazi. Kila mmoja ni wa kweli pale ulipozaliwa. Swali ni Zhongda inaangukia wapi.

Mnara wa Conghua

Ukitoka katikati ya Guangzhou kuelekea kaskazini utafika Conghua, bado ndani ya mipaka ya jiji. Pale upo mnara uliojengwa miaka ya 1980 kuonyesha mahali inapopita Tropiki ya Kansa. Mji wenyewe uko kusini ya mstari huo. Kwa hiyo kwa hesabu ya ramani sisi wa Zhongda ni watu wa tropiki, sawa na mtu wa Mombasa au wa Jakarta. Baba wa msikilizaji wetu akitaka ushahidi, mnara ule anao.

Lakini ramani haijui upepo. Wastani wa joto la Guangzhou mwezi Januari ni kama nyuzi 14, na mwezi Julai ni karibu 29. Wimbi la baridi likishuka kutoka Siberia, milima ya Nanling hupunguza makali yake, haiyazuii yote. Usiku joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 5.

Wafanyabiashara wetu wa siku nyingi wanaukumbuka mwanzo wa mwaka 2008. Theluji na barafu vilifunga reli na barabara za katikati na kusini mwa China kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, na mamia ya maelfu ya watu wakakwama kwenye kituo cha treni cha Guangzhou. Baridi ile ilikaa wiki na wiki. Kisha tarehe 24 Januari 2016 chembe za theluji zilianguka ndani ya mji wenyewe, na watu wazima walitoka barabarani na simu zao kupiga picha kitu ambacho hawajawahi kukiona hapa.

Baridi ya 2008 ilifika hadi baharini. Visiwa vya Penghu, upande wa Taiwan, vinapitiwa na ile ile Tropiki ya Kansa inayopita Conghua. Mwezi Februari mwaka ule maji yake yalishuka hadi karibu nyuzi 12. Samaki wa mwambani walikufa kwa wingi, wakatupwa ufukweni, na matumbawe nayo yakafa. Hakuna aliyesahau kuwasha chochote pale. Ilikuwa ni bahari wazi, kwenye mstari wa tropiki, na bado baridi iliua.

Ila sikiliza na upande wa pili. Taasisi ya utafiti wa Bahari ya Kusini ya China, iliyoanzishwa 1959, kwa miaka mingi ilikuwa na makao yake barabara ya Xingang Xi, barabara ile ile yenye lango la chuo ambacho soko letu limechukua jina lake. Maana Zhongda ni kifupi cha Zhongshan Daxue, Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen. Wanasayansi wamefuatilia matumbawe ya Daya Bay, mashariki ya hapa, na matumbawe mengi ya huko yaliivumilia baridi ya 2008. Ni matumbawe yaliyozoea majira ya baridi kwa vizazi vingi. Lakini yale ambayo msikilizaji wetu anataka kuyanunua, ya Indonesia na ya Bahari ya Hindi, hayajawahi kuonja Januari ya Guangdong. Hawa wawili wanafanana kwa sura, hawafanani kwa makuzi.

Baridi ya ndani ya nyumba

Kuna jambo moja zaidi, na hili ni la historia ya serikali wala si la bahari. Miaka ya 1950 China ilipanga mfumo wa kupasha joto majumba ya miji kutoka mitambo ya pamoja. Nishati haikutosha nchi nzima, kwa hiyo ukachorwa mpaka: milima ya Qinling na mto Huai. Kaskazini ya hapo nyumba zinapata mabomba ya joto. Kusini hazipati. Guangzhou iko kusini, tena mbali sana.

Sisi tuliokulia vyumba vya Haizhu tunajua maana yake. Mama yangu, mtu wa Tanga, alikuwa anakata hesabu za vitambaa usiku akiwa amevaa koti zito ndani ya nyumba, na wageni kutoka Dar walikuwa wakilishika sakafu la vigae kwa nyayo wanaruka. Kuta ni nyembamba, madirisha ni ya kioo kimoja, na kiyoyozi cha nyumba nyingi kimefungwa kwa ajili ya kupoza. Nje kukiwa na nyuzi 8, ndani kunaweza kuwa na 12.

Sasa mlinganishe binamu yako wa Stockholm. Nje kwake ni barafu tupu, lakini ndani ya fleti yake ni nyuzi 20 au 21, usiku na mchana. Tanki lake linahitaji kuongezewa nyuzi 4 au 5 tu. Tanki la Zhongda usiku wa baridi linahitaji kuongezewa 13. Yaani mfugaji wa nchi ya joto anahitaji hita yenye nguvu kuliko mfugaji wa nchi ya theluji! Hapo ndipo maneno "nchi ya joto" yanapomdanganya mtu: yanaeleza nchi, na tumbawe linaishi chumbani.

Tufanye hesabu kidogo. Kupandisha lita 200 za maji kwa nyuzi 1 kunahitaji umeme wa kama uniti robo moja, bila kuhesabu joto linalopotea. Hita ya wati 200 inachukua zaidi ya saa nzima kwa uzi mmoja. Bila hita, tanki la nyuzi 25 katika chumba cha nyuzi 12 litakaribia joto la chumba ndani ya siku mbili hivi. Bahari ya Mombasa inachukua miezi kushuka nyuzi 4. Tanki lako linashuka 10 kati ya Ijumaa na Jumapili.

Wafugaji wengi hutumia kanuni ya wati 1 kwa lita 1. Kwa fleti ya Stockholm inatosha na kubaki. Kwa chumba cha Haizhu chenye nyuzi 12 ni pembeni mno. Mimi ningemshauri ndugu yetu aweke hita mbili za wati 150 badala ya moja ya 300. Hita zinakufa kwa njia mbili: zinagoma kuwaka, au zinagoma kuzima. Ikiwa ni mbili ndogo, moja ikigoma kuwaka nyingine itabeba tanki hadi asubuhi, na moja ikigoma kuzima haina nguvu ya kuwachemsha wanyama haraka. Aziunganishe kwenye kidhibiti cha nje chenye kipimajoto chake, akiweke 25. Hatahangaika kuvitafuta. Sehemu kubwa ya pampu na hita za matanki zinazouzwa duniani zinatengenezwa hapa hapa mkoa wa Guangdong, ukiwemo mji wa Zhongshan, ambao umebeba jina la mtu yule yule aliyekipa jina chuo chetu.

Na kwetu je?

Msikilizaji wa Nairobi asicheke. Nairobi iko karibu na Ikweta kuliko Guangzhou, kuliko Jakarta hata, lakini iko juu ya usawa wa bahari karibu mita 1,800. Usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 12 hivi, na nyumba nazo hazina mabomba ya joto. Tanki la matumbawe Nairobi linataka hita. Arusha vilevile. Safari ya kutoka Nairobi hadi Mombasa ni siku moja ya barabara, na ukifika jibu la swali limebadilika, ingawa hujatoka nje ya nchi.

Ndugu zetu wa Muscat wana kesi yao. Kiangazi cha huko shida ni kupoza maji. Lakini kiyoyozi kikiachwa kwenye nyuzi 20 usiku kucha, chumba ni baridi kuliko bahari yoyote ya Unguja. Hita ndogo haiwi vibaya, hata kama nje ni jangwa.

Na hapa Guangzhou, usidhani hita ikimaliza kazi yake mwezi Machi umeshinda. Miezi hiyo huja ile hewa ya unyevu inayoitwa huinantian, kuta zinatoa jasho, na joto linaruka kwa siku chache. Halafu Julai na Agosti chumba kina 32, taa zinawaka, na maji yanapanda kupita 30. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 au 3 kwa sababu maji yanayogeuka mvuke huondoka na joto, ila hewa ikiwa na unyevu mwingi feni inachoka. Hapo ni kufunga kiyoyozi au kununua mashine ya kupoza.

Joto hilo si la kubeza, kwani tumeliona kwetu. Mwaka 1998, mwezi Machi hadi Mei, El Niño iliipasha Bahari ya Hindi. Maji yalizidi kawaida kwa nyuzi 1 hadi 2 tu. Maeneo mengi ya Kenya, na Mafia upande wa Tanzania, matumbawe yalipauka na zaidi ya nusu yakafa. Wavuvi walioteremka baada ya hapo walikuta weupe, kisha mwani wa kahawia umefunika kila kitu. Imetokea tena 2016, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza upaukaji mwingine wa dunia nzima. Bahari haina kidhibiti cha kuweka 25.

Ndiyo maana nina ombi moja kabla ya kumaliza. Matumbawe magumu yamo kwenye mkataba wa CITES, na kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Mtu asije akakuahidi kukuletea kipande kutoka Shimoni au Nungwi ndani ya sanduku la nguo. Miamba ile imeshapoteza vya kutosha. Tafuta muuzaji anayekuza vipande kutoka kwenye matumbawe ya matanki, na umuulize anayafuga kwenye nyuzi ngapi.

Kwa hiyo, ndugu yetu wa Haizhu, mwambie mzee hivi, kwa heshima zote: shikamoo baba, usemi wako ni sahihi Tanga, ni sahihi Unguja, na ulikuwa sahihi Jakarta mwaka 1961. Halafu weka kipimajoto juu ya meza ya sebuleni wiki moja ya Januari, usome saa kumi na moja alfajiri kabla mtu hajawasha jiko. Namba hiyo ndiyo itakayowaamulia. Na wewe unayesoma, popote ulipo, ukipima kwako tutumie: mji, ghorofa, mwezi, na nyuzi za alfajiri. Tutazisoma kwenye kipindi kijacho.